Mgongo Mweupe wa Mfarishi

"Weka hiyo sindano, mama Saburi, mtoto anakula jivu!"

Mwamini aliinua kichwa. Kweli, Mashaka, mwanawe wa kiume ambaye ndiyo kwanza meno mawili yamemchomoza, alikuwa amekaa kitako kando ya mafiga, mdomo mweupe kama wa mwizi wa unga. Aliichomeka sindano kwenye ukuti wa paa, mahali pake, pasipofikiwa na mkono wa mtoto, akamnyakua na kumfuta mdomo kwa kidole. Mtoto akakohoa. Kikohozi chenyewe hakikuwa cha jivu. Kilikuwa kile kile cha tangu kipupwe kiingie, kinachoanzia chini kabisa, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani.

"Nimemwacha kufumba na kufumbua tu," alisema.

"Kufumba na kufumbua!" Mwanamkuu, jirani yake, alicheka akiegemea mlango. Alikuja kuchukua kaniki. Wanawake wale wawili walikuwa na kaniki moja. Aendaye kisimani huivaa, abakiaye hujifunga gunia na kukaa ndani mpaka mwenzake arudi. "Makopa hayajatwangwa, maji hayajatekwa, mwanao anakula jivu, na wewe macho hayabanduki kwenye matambara. Shoga, wewe ungeolewa na panya."

"Panya ana akili," sauti dhaifu ilisikika kutoka kitanda cha barazani. Alikuwa mkwewe, Mzee Mwinyimadi, ambaye maradhi yalikuwa yamemlaza hapo mwezi mzima. "Panya huokota matambara ya watu akawatandikia wanawe. Nyie mna nini cha kuwatandikia wenu, zaidi ya domo? Mwacheni mkwe wangu ashone."

Mwanamkuu akajifunika mdomo kwa kiganja. "Shikamoo, mzee. Nilidhani umelala."

"Marahaba. Ningelalaje, na kinywa chako kiko macho?"

Ulikuwa mwaka ule wa vita vya Hitla ambao nguo ziliadimika kuliko nyama. Kote Masaki, toka njia iendayo Kisarawe mpaka mabondeni kwenye mihogo, wanaume walivaa magunia yaliyotobolewa pa kichwa na pa mikono. Mgao wa nguo ukifika dukani, ulianzia kwa wenye vyeo, na waliobaki wakafikiwa na habari zake. Zahoro, mume wa Mwamini, alichukuliwa kwenda kukata mkonge upande wa Kibaha, na shuka pekee iliyokuwa nzima katika nyumba ile iliondoka kiunoni mwake.

Ndiyo maana Mwamini alishona. Lakini tusimsingizie, haikuwa kwa ajili hiyo tu. Alishona kwa kuwa alipenda. Alipenda kukiweka kipande cha leso yenye nakshi za korosho ubavuni mwa kipande cha kaniki, akaona jinsi kimoja kinavyomwamsha mwenzake. Vipande alivipata kwa kuomba, kwa kumpalilia mtu shamba, kwa kuokota palipochanika. Uzi aliufumua kwenye magunia. Katikati alijaza sufi aliyoiokota chini ya misufi na kuichambua mbegu. Na mgongoni, upande unaogusa ngozi ya watoto, aliweka nyeupe tupu: kanzu kuukuu tatu za mkwewe, mabaki ya bafta, amerikani iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ndewe ya sikio. Mfarishi, ndivyo alivyouita. Ulibakiza pindo moja, na tayari watoto walikuwa wakilala chini yake, Saburi wa miaka mitano upande wa ukutani, na Mashaka kifuani kwa mama yake. Tangu aanze kulala humo, kikohozi chake cha alfajiri kilikuwa kikipungua. Hilo alilijua Mwamini peke yake, maana ndiye aliyekuwa akikisikiliza.

Jioni ile alipita Isihaka, kaka mkubwa wa Zahoro, kumjulia baba yake hali. Isihaka alikuwa na kanzu. Ilikuwa kuukuu na kola yake imechakaa, lakini ilikuwa kanzu, na aliibeba mwilini mwake kama mtu aliyebeba mayai. Wazee wawili walikuwa wamekaa barazani.

"Shikamoo, shemeji," Mwamini alisema kutoka nyuma ya mlango.

"Marahaba. Mtoto vipi?"

"Anakohoa, ila tangu juzi ana nafuu kido..."

"Atakosaje kukohoa? Sufi yako inampanda puani." Aliwageukia wazee ili nao wasikie. "Mume hayupo, baba yuko kitandani, mke anachezea viraka. Ningekuwa mimi Zahoro, sindano hiyo ingekwisha lala chooni."

Wazee walicheka kidogo, kicheko cha adabu. Mwamini alirudi ndani taratibu, masikio yakimwaka moto, akakaa na kumnyonyesha mwanawe ingawa hakuwa akilia.

"Isihaka," mgonjwa alisema, "huyo unayemsimanga ndiye anayeninywesha uji."

*

Mzee Mwinyimadi alikata roho kesho yake alasiri, bakuli la uji likiwa bado la moto kando yake. Jua lilikuwa limekwisha inama, ikakubaliwa azikwe siku ya pili. Jioni ile ile Salehe, mpwa wake, alipanda baiskeli kwenda kutafuta sanda na kumpasha Zahoro habari. Baiskeli yenyewe ilikuwa haina mipira. Ilifungwa kamba za makumbi kwenye magurudumu, na mlio wake ulisikika kabla haijaonekana.

Siku ya pili adhuhuri, watu walisikia mlio huo ukirudi polepole. Salehe alikuwa akiisukuma.

"Kisarawe hakuna," alisema, akijifuta jasho kwa mkono. "Kibaha hakuna. Mwenye duka kanionyesha rafu zake kwa mkono wake, rafu nzima buibui. Hata bafta ya mkono mmoja hana."

"Na Zahoro?" Isihaka aliuliza.

"Nilimkuta shambani. Msimamizi kamkatalia ruhusa. Kasema maiti hafufuki kwa kuangaliwa."

Nyuma ya nyumba, maji ya kuoshea maiti yalikuwa yamekwisha pashwa moto mara mbili.

Mwalimu Kitwana, aliyekuwa akisomesha watoto chuoni na kusalisha msikitini, alikohoa kidogo. "Maiti hangoji, jamaa. Tuna mkeka mpya. Mungu anajua hali zetu."

Watu waliinamisha vichwa. Mwezi uliopita walimzika mtu wa bondeni ndani ya mkeka, na maneno yaliyosemwa baada ya hapo hayakuwa mazuri. Walisema amefungwa kama mzigo wa muhogo mkavu. Isihaka alikuwa mmoja wa waliosema.

"Baba yangu hazikwi kwa mkeka," alisema. "Tafuteni."

"Tutafute wapi?"

Hapo ndipo alipozungumza Bibi Mboni. Alikuwa dada wa marehemu, ajuza asiye na mtoto, na alikaa chumba cha uani cha nyumba ile, yeye na kasha lake la mninga, kasha ambalo mtoto yeyote akilikalia alifukuzwa kwa kwenzi. Alikuwa amekaa kizingitini, magoti yamefika kidevuni.

"Nyeupe ipo humu humu ndani," alisema. "Kwa mama Saburi. Mgongo wa ule mfarishi wake."

Alipokwisha kusema alitazama vidole vya miguu yake, na hakuinua macho tena.

*

Mwamini aliyasikia yote kupitia ukuta wa fito. Bibi Mboni alipoingia alimkuta amesimama, mtoto mgongoni kafungwa kwa gunia, mfarishi umekunjwa kifuani mwake.

"Mwanangu, umesikia."

"Nimesikia, shangazi."

"Tufanyeje? Ni baba yako."

"Na huyu?" Mashaka alikohoa mgongoni, kana kwamba kaitwa. "Huyu alale ndani ya nini?"

"Mungu atamfunika."

"Mungu alikwisha mfunika, shangazi. Alimfunika kwa huu."

Bibi Mboni alifumba macho. Harufu ya kafuri, ambayo siku zote ilimfuata kutoka chumbani kwake, ilijaa mle ndani pamoja na moshi.

"Basi nikawaambie nini wanaume?"

"Shemeji aje aseme mwenyewe."

Isihaka alikuja mlango wa uani. Hakuingia, maana alijua shemeji yake amejifunga gunia, na Mwamini hakutoka. Walizungumza kila mmoja akitazama ubao wa mlango.

"Mama Saburi, saa zinakwenda."

"Naziona."

"Watu wanangoja."

"Shemeji, hiyo kanzu uliyovaa ni nyeupe."

Mkono wa Isihaka ulipanda wenyewe mpaka kwenye kola, ukashika pale palipochakaa.

"Nikasimame kaburini kwa baba yangu na gunia? Watu watasemaje?"

"Watasema umemvisha."

Mwanamume yule alivuta pumzi kama mtu aliyekanyaga mwiba. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa ile ya barazani.

"Kanzu moja haimfuniki mtu mzima. Ningeivua na isingetosha. Mama Saburi... nakuomba."

Mwamini hakulifurahia neno lile, ingawa alikuwa amelingoja tangu aolewe. Aliukunjua mfarishi, akapitisha kiganja kwenye mgongo wake mweupe. Vidole vyake vilivijua vipande vile kimoja kimoja bila kutazama. Hii kanzu ya Idi ya mkwewe. Hii aliyoanguka nayo kwenye mkorosho. Hii aliyompa mwenyewe, kaikunja vizuri, akisema, "Haya, panya, tandika."

"Kanzu tatu humu ni zake," alisema mwishowe. "Siwezi kumnyima mtu nguo yake. Niitieni Mwanamkuu aje anisaidie kufumua."

*

Mwanamkuu alikuja na ile kaniki kiunoni, maana siku ile ilikuwa zamu yake, na kwa mara ya kwanza alikaa penye matambara bila kutia neno. Mmoja alishika upande huu, mwingine upande ule, wakawa wanakata uzi kwa meno na kuuvuta. Kazi ya misimu miwili ilifumuka kama ganda la karanga. Sufi ilitoka ikajaa chumbani. Ilitua kwenye vichwa vyao, kwenye nyusi, wakawa kama vikongwe wawili wanaogombania kitambaa.

"Mama," Saburi aliuliza, "leo tutajifunika nini?"

"Utajifunika mimi," Mwanamkuu alimwambia. "Huoni nilivyonenepa?" Mbavu zake zilihesabika kutoka mlangoni. Mtoto alimtazama, akaona ni mzaha, akacheka. Mwanamkuu hakucheka. Alivuta kamasi, akaendelea kukata uzi.

Kisha Mwamini akaanza kuunga. Nyeupe kwa nyeupe, mshono juu ya mshono, sindano yake ikienda mbio kama kuku anayedonoa. Mashaka alilia. Mama yake alimwachia Bibi Mboni, akalia zaidi; alimpa Mwanamkuu, akakohoa mpaka akatapika. Ikabidi ampakate, ampe ziwa la kushoto, na mkono wa kulia uendelee na sanda. Hivyo ndivyo Isihaka alivyomkuta alipochungulia kuhimiza.

"Unamnyonyesha juu ya sanda ya baba? Ikidondokewa na maziwa?"

Kabla Mwamini hajajibu, sauti ya Mwalimu Kitwana ilitoka uani. "Maziwa ya mama si najisi, Isihaka. Wewe mwenyewe umekulia hayo hayo. Mwache amalize."

Ilipokwisha, wanaume walichukua kipimo kwa kamba. Mzee Mwinyimadi alikuwa mrefu. Wakimfunika kichwa, miguu ilibaki nje, kiasi cha dhiraa moja.

Nyeupe ilikuwa imekwisha. Mwamini alitazama sakafuni, kwenye ule uso wa mfarishi, upande wa viraka, uliobaki umelala kama ngozi iliyochunwa. Alichomoa humo kipande kikubwa kuliko vyote, leso ya arusi yake, nyekundu yenye korosho nyeusi.

"Hapana," alisema Isihaka. "Baba yangu, mtu mzima, aende na leso ya kike yenye maua?"

"Miguu ya baba yako itakwenda na nini?" Mwalimu Kitwana alimwuliza. "Na udongo?"

Mwamini hakungoja wamalize. Aliishona leso upande wa miguuni, akaigeuza upande wa rangi ukawa ndani, ili nyekundu imguse marehemu na watu wa nje waone mgongo wake uliopauka tu. Akaukata uzi kwa meno, akaitoa sanda mlangoni kwa mikono miwili.

*

Wakati wa kushusha kaburini upepo ulipita. Ni upepo mdogo tu, lakini ulitosha kuifunua ile kona, na waliokuwa karibu waliona wekundu. Walionyamaza walikuwa wengi. Walioibeba habari hadi nyumbani kwao walikuwa wachache, nao wakatosha. Kabla ya hitima ya siku ya tatu, watoto wa kisimani walikuwa na wimbo:

*Kaenda kwa Mola na viraka,*
*Viraka vya mke wa Zahoro!*

Isihaka aliusikia akiwa njiani. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ile. Aliwaambia watu kwamba yeye alitaka mkeka.

Kuhusu mtoto, Mwamini alijaribu kila lililokuwa mkononi mwake. Alijaza sufi ndani ya gunia, lakini gunia lilimchubua Mashaka mashavu, na sufi ikavuja kwenye matundu, na safari hii kweli ikampanda puani. Aliwafunika kwa ule uso wa mfarishi uliobaki, na baridi ikapita kama inavyopita kwenye chujio la tui. Kisha zikaja mvua za mchoo, zile mvua nyembamba za kipupwe zisizo na radi. Mwamini alimpaka mtoto mafuta ya nazi yaliyokaangiwa vitunguu. Alimfukiza. Alilala akiwa amekaa, mgongo ukutani, mtoto katikati ya ngozi yake na gunia, Saburi pajani, na kila alipotaka kusinzia, kile kikohozi kilivuta kamba yake kutoka chini.

Siku ya nne ya mvua Mashaka alikataa ziwa. Kila akivuta pumzi, ngozi katikati ya mbavu ilizama.

"Mpeleke dispensari Kisarawe," Mwanamkuu alisema.

"Katika mvua hii? Nimbebe ndani ya nini?"

Mwanamkuu aliivua kaniki papo hapo, akabaki amejikunyata nyuma ya mlango, mikono kifuani. "Haya. Mbebe na hii."

Mwamini aliishika. Ilikuwa imelowa chepechepe, maana mwenzake alikuwa ametoka nayo kisimani. Walitazamana. Halafu wote wawili, bila kupenda, wakaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na sauti, mpaka machozi yakawatoka, wasiweze kujizuia.

Ndipo waliposikia kasha la mninga likifunguliwa.

*

Bibi Mboni aliingia akiwa amebeba kitu mikononi, kimekunjwa kwa mraba na kufungwa kwa ugwe. Kilikuwa cheupe. Hakikuwa cheupe cha kanzu kuukuu, kilikuwa cheupe cha duka, cheupe cha kabla ya vita, na kilinuka kafuri na udi. Alikiweka kwenye mkeka, akakaa mbali nacho.

Mwanamkuu ndiye aliyekitambua kwanza. Akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Bibi, hiyo ni..."

"Ni yangu," alisema Bibi Mboni. "Bafta, pande zima. Nilinunua mwaka aliokufa mume wangu. Mtu mwenye watoto watamtafutia sanda. Mimi nani angenitafutia?"

Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye makuti, tone moja moja, kwenye sufuria.

"Shangazi. Siku ile ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Baba amelala pale anangoja, Salehe amerudi mikono mitupu. Ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo, mwanangu. Nilikuwa nimelikalia kasha."

"Ukawaambia wachukue ya mtoto."

Ajuza alitikisa kichwa kukubali. "Niliogopa mkeka. Nilimwona yule wa bondeni alivyofungwa. Nikasema, kaka yangu ana wana, watahangaika naye. Mimi nikitoa hii leo, kesho nitafungwa kamba kama mzigo wa muhogo. Ndivyo nilivyosema moyoni. Tangu siku hiyo nasikia huyu mtoto akikohoa. Kila akikohoa, nasikia kaka yangu ananiita jina."

Mwamini alitaka kumwambia neno. Lilikuwa zito na lilikuwa limefika ulimini. Kisha Mashaka akavuta pumzi, na ngozi ya mbavu ikazama, na neno likarudi lilikotoka.

"Shoga, usimfunike nayo," Mwanamkuu alinong'ona. "Ni sanda. Imekwisha nuiwa. Watu watasema umemwita mauti kwa jina lake."

"Watu walikwisha kusema," Mwamini alijibu.

Aliifungua ile bafta. Ilisimama kwa ugumu wa upya, mikunjo yake imekuwa mistari ya manjano. Akamviringishia mtoto papo hapo, mara mbili, tatu, mpaka ukabaki uso tu, na Mwanamkuu akageuza macho, maana kwa hakika ilikuwa kama kuona kitu kisichofaa kuonwa. Mashaka alipiga chafya kwa kafuri. Akapiga nyingine. Akakohoa kikohozi kirefu, kikavuta, kikavuta, kikatoa kohozi zito la kijani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili alilia kwa sauti.

Mwamini alimnyonyesha akiwa ndani ya sanda. Alivuta kidogo, akaacha, akavuta tena.

Mchana ule, mtoto aliposinzia, Mwamini alipanda kwenye kinu akaichomoa sindano kwenye ukuti. Aliutandika uso wa mfarishi, akajaza sufi, akaweka bafta mgongoni. Pale ilipokuwa leso ya arusi, palikuwa na tundu; alilizibia kwa gunia. Bibi Mboni alikuwa bado amekaa pale pale, anamtazama.

"Mwanangu."

"Naam, shangazi."

"Usishone. Piga bandi tu. Mishono mirefu, ya kufumuka upesi." Alionyesha urefu wake kwa kidole. "Ikifika siku yangu, muifumue, muifue, mnipe. Mtoto atakuwa amekwisha pata nguvu, inshallah. Mimi sina haraka."

"Nitapiga bandi, shangazi."

"Uniapie."

"Wallahi, nitakupa. Hutakwenda na mkeka."

Akapiga bandi, mishono mirefu kama hatua za mtu anayekimbia mvua, kila mmoja ukingoja kukatwa. Mwanamkuu alivaa kaniki yao mbichi, akaenda kutwanga makopa ambayo hayakuwa zamu yake. Jioni Mashaka aliunguruma kifuani lakini alilala, na Saburi akajipenyeza ubavuni mwake, akinusa kile kitambaa kigeni na kukunja pua.

Tangu siku hiyo, katika nyumba ile, uji wa kwanza kuteremka jikoni ulipelekwa chumba cha uani, mzito, wenye tui. Kukinyesha, Mwamini alikuwa wa kwanza kwenda kuziba paa la Bibi Mboni. Na alfajiri, akiwa amelala chini ya mfarishi na wanawe wawili, alisikiliza vikohozi viwili badala ya kimoja, kile cha kifuani mwake na kile cha upande wa pili wa ukuta. Cha mtoto kikipungua, alishukuru. Cha ajuza kikizidi, aliinuka mbio kuwasha moto, akimwomba Mungu ampe shangazi yake umri mrefu, walau kipupwe hiki tu, walau na kijacho. Na wala hakujua, wala hakuthubutu kujiuliza, ni yupi kati ya wawili wale aliyekuwa akimwombea.